Ushindi wa Kupindukia na Tuhuma za Dawa katika Mbio za Baiskeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, maswali haya hayakauki. Tunayasikia Busia kwa vijana wa boda boda za baiskeli, tunayasikia Tororo na Mbale, na Kampala yanaibuka kila Julai Tour de France (Tour), mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, inapoanza kuonyeshwa. Wengi wanaouliza ni vijana walioanza mazoezi, au wazazi wao. Msimamo wangu nautaja mapema: mchezo huu umewadanganya mashabiki mara nyingi mno, kwa hiyo anayeshuku hana kosa. Lakini kushuku si kuthibitisha, na jina la mtu si kitu cha kuchezea.

Kwa nini mtu akishinda kwa mbali tu, watu husema "huyo ametumia"?

Kwa sababu ya yaliyokwisha kutokea. Tarehe 13 Julai 1967, Mwingereza Tom Simpson alianguka akipanda mlima Ventoux kusini mwa Ufaransa, akafa. Jua lilikuwa kali, na mwilini mwake kulikutwa amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, na pombe. Mwaka 1998, siku chache kabla ya Tour kuanza, maafisa wa forodha mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa walisimamisha gari la timu ya Festina. Aliyekuwa akiliendesha ni mchuaji misuli wa timu, Willy Voet, na mzigo wake ulikuwa EPO (homoni ya kuongeza damu), homoni za ukuaji na madawa mengine ya kutosha timu nzima. Mwaka 2006 polisi wa Hispania waliivamia kliniki ya daktari Eufemiano Fuentes wakakuta mifuko ya damu ya wanamichezo ikiwa imehifadhiwa. Jan Ullrich na Ivan Basso waliondolewa kabla Tour ya mwaka huo haijaanza.

Sasa tazama jambo hili moja. Kuanzia 1996 hadi 2006, kila aliyefika Paris akiwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour ama alikuja kukiri, ama alifungiwa, ama sampuli zake za zamani zilikutwa na EPO zilipopimwa upya. Bjarne Riis, mshindi wa 1996, alikiri mwaka 2007. Ullrich, wa 1997, alifungiwa. Marco Pantani, wa 1998, alikuwa ameshafariki pale ripoti ya bunge la seneti la Ufaransa ya 2013 ilipoonyesha kwamba sampuli zake zilikuwa na EPO. Lance Armstrong alinyang'anywa ushindi wote saba, wa 1999 hadi 2005. Floyd Landis, wa 2006, siku moja aliishiwa nguvu kabisa mlimani, kesho yake akawaacha wote njiani kuelekea Morzine peke yake, dunia ikampigia makofi. Alikutwa na testosteroni, homoni ya kiume.

Hiyo ni miaka kumi na mmoja mfululizo. Shabiki aliyeipitia miaka hiyo huwezi kumwambia aache kuuliza.

Armstrong alipimwa mara nyingi. Ilikuwaje asikamatwe?

Kwanza, kipimo cha EPO kwenye mkojo hakikuwepo hadi mwaka 2000, na yeye alianza kushinda 1999. Pili, kilipokuja, watu walijifunza kutumia dozi ndogo ndogo usiku, ili asubuhi dawa iwe imeshapungua mwilini. Tatu, walikuwa wakitoa damu yao wenyewe, wanaihifadhi kwenye baridi, kisha wanairudisha mwilini katikati ya mashindano. Damu ni yako. Maabara itakamata nini? Nne, ilipobidi, walitundikiwa dripu ya maji ya chumvi ili damu iwe nyepesi kabla ya kupimwa. Na mwaka 1999, mkojo wake ulipoonyesha kotikosteroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ilitolewa cheti cha daktari chenye tarehe ya nyuma, ikisemwa kwamba ilikuwa krimu ya vidonda vya kukalia tandiko.

Kilichomwangusha hakikutoka maabara. Ni watu. Landis alianza kusema mwaka 2010, kisha wenzake wa timu, kumi na mmoja kwa jumla, wakatoa ushahidi kwa shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni, USADA. Ripoti ilitoka Oktoba 2012, na tarehe 22 ya mwezi huo Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Baiskeli, UCI, likamfutia ushindi. Januari 2013 alikiri mwenyewe kwenye televisheni.

Ndiyo maana mtu akiniambia "hajawahi kukutwa na kitu," nasikia, lakini neno hilo halinitoshi. Armstrong naye alilitumia kwa miaka.

EPO ni nini hasa?

Ni homoni inayotengenezwa na figo, inayoiambia mifupa izalishe chembechembe nyekundu za damu. Chembechembe nyekundu hubeba oksijeni. Zikiwa nyingi, misuli inafanya kazi kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka. Ya kutengenezwa kiwandani ilikuja kwa ajili ya watu kama wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, ambao miili yao haiizalishi ya kutosha. Kwao ni dawa ya kuokoa maisha. Mtu mzima mwenye afya akijidunga, damu yake inakuwa nzito, na moyo unapata kazi kubwa ya kuisukuma, hasa usiku akiwa amelala na mapigo yameshuka.

Mwaka 1997 UCI iliweka kikomo: chembechembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yake ni kwamba wengi walijidunga hadi kukaribia 50 na kuishia hapo. Pantani aliondolewa kwenye Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, ya 1999 akiwa anaongoza, zimebaki siku mbili, kwa kukutwa na 52. Hakurudi tena kuwa yule yule. Alifariki katika hoteli huko Rimini, Februari 2004.

Pasipoti ya kibaolojia ni nini?

Ni kumbukumbu ya damu ya mwanamichezo kwa miaka mingi. Badala ya kutafuta dawa yenyewe, wanatafuta alama inazoacha. UCI ilianza nayo mwaka 2008. Kila damu inapochukuliwa, huandikwa kiasi cha hemoglobini, kinachobeba oksijeni kwenye damu, na idadi ya chembechembe nyekundu changa zilizotoka tu kwenye uboho wa mifupa. Mtu akijidunga EPO, changa huongezeka. Akirudishiwa damu yake, hemoglobini hupanda huku changa zikipungua, kwa sababu mwili unaona damu ipo tele na hakuna haja ya kutengeneza nyingine. Kompyuta huonyesha kinachopita mipaka ya kawaida ya mtu huyo, kisha wataalamu hukisoma bila kujua jina la mwenye damu.

Inafanya kazi. Mwingereza Jonathan Tiernan-Locke alishinda Tour of Britain mwaka 2012, na mwaka 2014 alifungiwa miaka miwili na ushindi ukafutwa kwa sababu ya pasipoti yake peke yake. Udhaifu wake ni kwamba anayetumia kidogo kidogo kwa uangalifu anaweza kubaki ndani ya mipaka yake. Pasipoti imepunguza kiasi ambacho mtu anaweza kudanganya, na kupunguza huko ni kukubwa ukilinganisha na miaka ya tisini, lakini haijafunga mlango.

Vipimo huchukuliwaje?

Vijana wetu wengi hawajawahi kuona, kwa hiyo naeleza hatua kwa hatua.

Umemaliza mbio, unahema, jasho halijakauka. Mtu mwenye kitambulisho anakujia na kukuambia umechaguliwa. Kuanzia dakika hiyo hakuachi macho. Ukienda kwa kocha yupo, ukienda kuchukua medali yupo. Mnaingia chumba cha vipimo. Unachagua mwenyewe chombo cha kukojolea miongoni mwa kadhaa, unakagua kama kimefungwa vizuri. Ofisa wa jinsia yako anaingia nawe chooni, na anatakiwa aone mkojo ukitoka mwilini mwako. Kijana anayeona haya lazima ajue hili mapema. Inahitajika angalau mililita 90. Baada ya mbio za saa nne kwenye jua, hiyo inaweza kuchukua muda na chupa kadhaa za maji. Kisha unachagua boksi lenye chupa mbili, A na B, unasoma namba zake kwa sauti, unamimina na kufunga mwenyewe hadi kifuniko kisiweze kurudi nyuma. Kwa damu ya pasipoti, unakaa kwanza dakika kumi miguu ikiwa chini. Mwisho unasoma fomu, na kama kuna jambo halikwenda sawa unaliandika hapo kabla ya kutia sahihi.

Chupa B inabaki imefungwa. Inafunguliwa tu kama A imekutwa na tatizo. Sampuli zinaweza kuhifadhiwa na kupimwa upya hadi miaka kumi baadaye, na hapo ndipo wengi waliodhani wamepona walipokamatwa.

Nje ya mashindano pia wanakuja. Mwanamichezo aliye kwenye orodha ya wanaofuatiliwa hutaja kila siku saa moja na mahali atakapopatikana. Akikosekana au kukosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, amevunja sheria hata kama hajatumia kitu. Michael Rasmussen aliondolewa na timu yake mwenyewe kwenye Tour ya 2007, akiwa na jezi ya njano, kwa kudanganya kuhusu mahali alipokuwa kabla ya mashindano.

Tuseme wazi: Tadej Pogačar alichomoka kwenye mbio za dunia za Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Anatumia dawa?

Sijui ushahidi wowote kwamba anatumia, na hajawahi kupatikana na kosa la dawa. Hilo lazima lisemwe kwanza, na lisemwe kwa sauti ile ile tunayotumia kuuliza maswali.

Kinachowatia watu shaka kinaeleweka. Mslovenia huyo, aliyezaliwa 1998, ameshinda Tour mara nne: 2020, 2021, 2024 na 2025. Mwaka 2024 aliongeza Giro na ubingwa wa dunia ndani ya msimu mmoja. Pale Plateau de Beille, mwaka huo huo, aliupanda mlima kwa muda ulioushinda wa Pantani wa 1998 kwa zaidi ya dakika tatu, na Pantani wa siku hizo tumeshaona alikuwa na nini mwilini. Kigali, kwenye njia ya kilomita 267 na nusu iliyojaa vilima, alianza mashambulizi juu ya Mlima Kigali, na kilomita takribani 66 za mwisho alizimaliza peke yake. Waliosafiri kwa basi kupitia Katuna kwenda kumwona walirudi na furaha na swali hilo hilo moja.

Kuna jambo jingine lililo wazi kwa umma. Kiongozi wa timu yake, Mauro Gianetti, ndiye aliyekuwa akiiongoza timu ya Saunier Duval mwaka 2008, Riccardo Riccò alipofukuzwa kwenye Tour kwa kutumia aina ya EPO iitwayo CERA. Gianetti mwenyewe hakuadhibiwa. Lakini kwa maoni yangu, mchezo wenye historia hii ungepaswa kuwa mkali zaidi kuhusu nani anaruhusiwa kuongoza timu, na anayeuliza hilo hamtukani mtu yeyote.

Upande wa pili nao una uzito. Wiki ile ile ya Kigali, kwenye mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, Pogačar alimaliza wa nne. Mbelgiji Remco Evenepoel alimpita barabarani kabisa, watu wakiona. Mwaka 2022 na 2023 alishindwa Tour na Mdenmark Jonas Vingegaard. Pale Hautacam mwaka 2025 aliwaacha wote kwa zaidi ya dakika mbili, na bado hakuufikia muda wa Riis wa 1996. Wenye kusema "kavunja rekodi zote za walaghai" waangalie hiyo pia.

Tena tukumbuke vitu vilivyobadilika. Baiskeli, kofia na nguo sasa hupitishwa kwenye vyumba vya upepo hadi zikate hewa kwa shida ndogo kabisa. Matairi ni mapana na laini zaidi barabarani. Waendeshaji hula gramu 90 hadi 120 za wanga kila saa wakiwa juu ya baiskeli, ilhali zamani wengi walimaliza siku na njaa. Timu hukaa milimani wiki nyingi kabla ya mashindano makubwa. Je, haya yote yanatosha kueleza tofauti nzima? Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Kwa kijana anayeendesha kutoka Busia hadi Tororo kwa ndizi mbili na chupa moja ya maji, naweza kusema kwamba chakula peke yake kingebadilisha mengi.

Mitandaoni wanapiga hesabu za "wati kwa kilo". Ni ushahidi?

Ni dalili ya kuangaliwa. Peke yake haimfungi mtu.

Tuipeleke kwetu. Toka tambarare za Muyembe upande kuelekea Sipi, kwenye barabara ya Kapchorwa. Tuseme umepanda mita 600 kwenda juu kwa dakika 30, na wewe pamoja na baiskeli mna kilo 70. Nguvu uliyotumia kuunyanyua uzito huo tu ni kama wati 230. Kama mwili wako ni kilo 60, hiyo ni karibu wati 3.8 kwa kilo, na bado hujahesabu upepo na msuguano wa matairi. Wanaoshinda Tour hupita wati 6 kwa kilo kwa muda kama huo, na hufanya hivyo baada ya kuendesha saa nne.

Sasa ona mahali hesabu inapoteleza. Siku hiyo upepo wa mchana unatoka bondeni na kukusukuma mgongoni. Umepata dakika bila kujua. Uzito wa mwendeshaji ulioandikwa mtandaoni ni wa miaka mitatu iliyopita. Wenzake watatu walikuwa mbele yake wakimkata upepo hadi nusu ya kilima. Mahali mlima unapoanzia kuhesabiwa, mmoja anasema darajani, mwingine anasema kwenye kona. Kosa dogo kwenye kila kimoja hufanya jumla iwe tofauti kubwa. Mtu akikuletea namba moja ya siku moja, mwombe ya misimu mitatu. Kinachostahili kuulizwa ni mruko wa ghafla: mtu aliyekuwa wa kawaida hadi miaka 27 au 28, kisha anawaacha mabingwa.

Je, wanaficha mota kwenye baiskeli?

Imewahi kutokea. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni huko Zolder, Ubelgiji, mota ilikutwa ndani ya baiskeli iliyoandaliwa kwa ajili ya Femke Van den Driessche. Alifungiwa miaka sita. Siku hizi baiskeli hupigwa eksirei na kukaguliwa kwa vifaa vya sumaku kwenye mashindano makubwa, na hakuna bingwa wa Tour aliyewahi kukutwa nayo.

Hii habari ya kuvuta gesi ni kweli?

Ndiyo. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba baadhi ya timu kubwa zilikuwa na mashine za kuvutia kaboni monoksidi kwa kiasi kidogo. Ni gesi ile ile inayotoka kwenye sigiri ya makaa na kuua familia zilizolala nayo chumbani milango imefungwa. Timu zilisema zinaitumia kupima tu, ili kujua mwili umeongeza damu kiasi gani baada ya kambi ya mlimani. Hofu ilikuwa kwamba mtu akiivuta mara kwa mara, mwili unadhani uko juu sana mlimani na unaongeza chembechembe nyekundu wenyewe. UCI ilipiga marufuku kuivuta kwa kurudia kuanzia Februari 2025, na Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa Michezoni, WADA, likaiweka kwenye orodha yake ya 2026 kwa matumizi yoyote yasiyo ya uchunguzi.

Wakati timu zinaitumia, haikuwa kosa. Ni muhimu kutofautisha lililokatazwa na lisilopendeza. Hata tramadoli, dawa ya maumivu iliyotumiwa sana kwenye msafara wa waendeshaji, UCI iliikataza mwaka 2019 tu. Nairo Quintana wa Kolombia alifutiwa matokeo yake ya Tour ya 2022 kwa ajili hiyo.

Froome ni mtoto wa Nairobi. Naye vipi?

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na alifundishwa kuendesha baiskeli na David Kinjah, kule Kikuyu, pamoja na vijana wa pale. Alishinda Tour mara nne. Katika Tour ya 2015 mtu alimwagia mkojo barabarani akimwita mtumia dawa, bila ushahidi wowote mkononi. Mwaka 2017, kwenye Vuelta ya Hispania, mkojo wake ulikutwa na salbutamoli mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Hiyo ni dawa ya pumu, ile ya kupulizia inayouzwa kwenye duka lolote la dawa Kampala. Kesi ilifungwa Julai 2018 bila adhabu, baada ya WADA kukubali kwamba matokeo hayo, kwa mazingira yake, hayakuwa kosa.

Wapo wasioridhika na uamuzi huo hadi leo. Mimi naona utaratibu ulifuatwa, na aliyemwagia mtu mkojo alifanya jambo la aibu, hata kama siku moja angethibitishwa kuwa alikisia sawa.

Sisi Waganda na majirani zetu tuna haki gani ya kunyooshea Wazungu kidole?

Tunayo haki sawa na yeyote, na wajibu sawa. Oktoba 2024 Ruth Chepng'etich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 2:10. Mwandishi aliyemuuliza kuhusu dawa siku ile alishambuliwa kwa kumkosea heshima. Oktoba 2025 Chepng'etich alifungiwa miaka mitatu, kwa dawa ya kuongeza mkojo iliyokutwa kwenye sampuli ya Machi 2025. Rekodi ya Chicago imebaki, kwa sababu ni ya kabla ya sampuli hiyo.

Nakumbusha hilo kwa sababu Joshua Cheptegei alipovunja rekodi ya mita 5,000 pale Monaco mwaka 2020 kwa dakika 12:35.36, na kisha ya mita 10,000 kwa 26:11.00, wapo waliouliza maswali huko ng'ambo, nasi tulikasirika. Walitaja viatu vipya na taa za kuongoza mwendo. Yale maelezo tuliyotaka yasikilizwe kwa Cheptegei, tuyasikilize pia kwa Mslovenia. Na yale maswali tunayomuuliza Mslovenia, tusimzuie mtu kuyauliza Kapchorwa.

Je, wapo waliokataa dawa wakati wote wanatumia?

Wapo, na ndio walioumia zaidi. Mfaransa Christophe Bassons alikuwa kwenye timu ile ile ya Festina, na wenzake walipohojiwa mwaka 1998 walisema yeye hakuwa akitumia. Mwaka 1999, akiwa na timu nyingine, aliandika gazetini kwamba kasi ya Tour bado si ya kawaida. Msafara ukamtenga. Armstrong alimfuata barabarani akamwambia mchezo haumhitaji, aende nyumbani. Usiku mmoja alikata tamaa, akaondoka. Alikuwa kijana mwenye kipaji, na hatutajua kamwe angefika wapi.

Ninapofikiria kijana wa Masaka au Mbale anayetamani kufuata njia ya Charles Kagimu, aliyeiwakilisha Uganda kwenye mbio za barabarani za Olimpiki ya Paris 2024, au ya Mweritrea Biniam Girmay, aliyetwaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, kwenye Tour mwaka huo huo, Bassons ndiye ninayemkumbuka. Anayedanganya mbele haibi medali peke yake. Anachukua nafasi ya kusajiliwa, mshahara na miaka ya mtu.

Nitajuaje tuhuma nzito na porojo?

Uliza nani anasema, alikuwepo wapi, na yuko tayari kuweka jina lake. Uliza kama kuna sampuli, hati, malipo au shahidi. Video ya mtu akipanda mlima bila kufungua mdomo si ushahidi. Wengine huhema kwa pua na wengine huficha maumivu. Kasi peke yake inatosha kuuliza, haitoshi kuhukumu.

Kibali cha matibabu ni ujanja?

Kibali cha kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu ya ugonjwa ni haki ya mgonjwa. Kimewahi kutiliwa shaka, kama pale nyaraka zilizovujishwa 2016 zilipoonyesha Bradley Wiggins alipewa sindano za triamsinoloni, aina ya kotikosteroidi, kabla ya mashindano makubwa, Tour aliyoshinda ya 2012 ikiwemo. Sheria haikuvunjwa kwa mujibu wa kibali. Swali la kama kilistahili kutolewa limebaki.

Mwanangu anashindana wikendi. Rafiki yake amempa unga wa kuongeza nguvu, na mwingine mzizi wa mulondo. Nifanye nini?

Mulondo kama mzizi hauko kwenye orodha ya WADA. Hatari ni unga uliosagwa na kuwekwa kwenye kichupa kisicho na maandishi, au kopo lililotoka nje lenye maandishi mengi kuliko ukweli. Kinachohesabika ni kilichomo mwilini, si nia ya mtu. "Sikujua" inaweza kupunguza adhabu lakini haifuti kosa. Dawa nyingi za mafua zina sudoefedrini, ambayo siku ya mashindano ina kikomo. Za kupunguza maji mwilini zimekatazwa wakati wote. Sindano ya mtu asiye daktari ikataliwe papo hapo, hata kama anayeitoa ni kocha.

Orodha ya WADA hubadilika kila tarehe 1 Januari, kwa hiyo ya mwaka jana haitoshi. Mwambie daktari au mfamasia, kabla hajaandika chochote, kwamba kijana anashindana. Boksi na karatasi ya maelezo ya kila dawa aliyomeza viwekwe, visitupwe, kwa sababu siku akichaguliwa kupimwa ataulizwa alichotumia ndani ya siku saba zilizopita, na anatakiwa akiandike chote kwenye fomu, hata panadoli.